Mfereji Uliomeza Mto: Ushauri kwa Wanaoutafuta Belezoni

Barua kuhusu mfereji wa Belezoni zinafanana kama mapacha. Mwandishi wa kwanza anaishi Birmingham. Jumapili hutembea kando ya mifereji ya zamani ya huko, kwenye vile vijia vya ukingoni ambako farasi walikuwa wakikokota mashua kwa kamba, na anauliza kama pwani yetu haikuwahi kuwa na kitu cha namna hiyo. Wa pili yuko Mombasa. Alisoma kwamba watu wa Witu walichimba njia ya mitumbwi kati ya Mto Tana na Mto Ozi, akafunga safari hadi Kipini, akazunguka siku mbili, akarudi na picha za mikoko. Wa tatu ameandika kutoka Kibabi, Masisi, Kivu ya Kaskazini. Juu ya kijiji chao kuna mtaro mrefu ulioota nyasi, na wazee wanasema ni wa wakati wa Wabeleji. Anataka kujua kama nao ulikuwa wa boti.

Tunao mfereji, ndugu wa Birmingham. Wewe wa Mombasa huenda uliuona usiujue, maana pengine ulikuwa umekaa juu yake ndani ya mtumbwi. Na wewe wa Kibabi nimekuwekea sehemu yako mwishoni. Usiiruke, hasa penye maonyo.

## Unachotafuta si shimo

Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, takriban kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari Hindi. Zamani ulimwaga maji yake kwa mlango wake wenyewe kwenye Ghuba ya Ungwana, kusini-magharibi ya Kipini, na mlango huo ulikuwa na fungu la mchanga na mawimbi ya kuvunja vyombo. Jirani yake, Ozi, ni mto mfupi, lakini mlango wake pale Kipini ni mwema zaidi. Mwenye mpunga au pembe za ndovu juu ya Tana alitamani kuzitolea Ozi. Kati ya mito hiyo miwili palikuwa na nchi tambarare ya tope. Wakapachimba.

Kazi hiyo ilifanywa karne ya 19, zama za Manabahani wa Witu, wale waliotoka Pate na kujijengea usultani wao bara. Ulikuwa mtaro mwembamba wa kupita mtumbwi, usiufikirie Suez. Mwaka 1889 Witu, iliyokuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani, iliweka ushuru na askari juu yake, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikapinga, na mtaro wa tope ukawa neno la kubishaniwa Berlin na London. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani wakawaachia Waingereza Witu kwa mkataba ule ule uliowapa wao Wajerumani kisiwa cha Heligoland. Oktoba ya mwaka huo Waingereza wakautia moto mji wa Witu.

Kisha mto nao ukaingilia. Maji hufuata mkondo: Tana uliipata njia fupi, ukaingia, ukala kingo, ukapanua, hata mtaro wa mtumbwi mmoja ukageuka mto. Mlango wa zamani ukafa polepole. Leo maji ya Tana hutokea Kipini.

Kwa hiyo geuza swali lako. Mfereji ndio mto wa leo, na kilichobaki kama gofu ni mto wa jana. Anayekwenda kutafuta handaki kavu lenye kingo za mawe atarudi mikono mitupu, kwa sababu Belezoni haukuwa na jiwe hata moja. Ulikuwa udongo uliotolewa kwa jembe na kubebwa kwa vikapu, katika zama ambazo kazi ya jembe kwenye pwani hii ilifanywa na watumwa. Wala usitafute kijia cha farasi. Huku chombo kiliendeshwa kwa pondo na kafi.

## Kazi ya mezani, wiki mbili kabla

Wengi huiruka hatua hii, nao ndio wanaoniandikia baadaye kwa hasira.

Kusanya tahajia zote. Utaukuta umeandikwa Belezoni, Belazoni, Belesoni, Balazoni. Wajerumani waliandika Ozi kwa herufi s: Osi. Ukitafuta kwa tahajia moja utapata robo ya habari.

Soma wasafiri wa zamani, kwa tahadhari. Clemens Denhardt na daktari G. A. Fischer walipanda Tana mwaka 1878. W. W. A. Fitzgerald alizunguka pwani hii miaka ya mwanzo ya 1890, na kitabu chake kikatoka 1898. Watakupa majina ya vituo na mpangilio wa safari: kipi kilitangulia, kipi kilifuata. Maoni yao kuhusu wenyeji yaache hapo hapo kitabuni. Ramani za zama hizo zipo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, na siku moja ya kukaa pale ina faida kuliko siku tatu za kupiga tope.

Tazama picha za setilaiti. Fungua sehemu ya delta kati ya Garsen na Kipini. Usiukodolee macho mto wenye maji. Tafuta michirizi iliyopinda isiyo na maji, vidimbwi vilivyofuatana kama shanga zilizokatika uzi, na majani ya kijani kibichi yanayochora umbo la nyoka katikati ya nyika ya rangi ya kahawia. Hayo ni makaburi ya mto. Chagua picha za kiangazi, kwa kuwa wakati wa mafuriko delta nzima huwa kioo na hutaona lolote.

Chapisha ramani yako kwenye karatasi. Simu hufa. Yangu ilizama mbele ya macho yangu, ikiwa na ramani zote na picha za siku mbili, kwa sababu niliiweka mfuko wa shati na kuinama kuosha mikono.

## Wakati wa kwenda

Nenda Januari hadi Machi, au Agosti hadi Oktoba mapema. Masika na vuli usijaribu.

"Lakini Kipini hakujanyesha wiki mbili sasa, nimeuliza." Hilo ndilo kosa la wageni wote. Maji ya delta hayatoki mawinguni mwa Kipini. Yanatoka Mlima Kenya, kisha yanapitia mabwawa ya umeme, likiwemo Masinga lililokamilika 1981. Mabwawa yakijaa na kufurika, watu wa chini hupata mafuriko chini ya jua kali. Mwisho wa 2023 na tena Aprili na Mei 2024 vijiji vya Tana River vilizama namna hiyo. Kabla ya kuondoka sikiliza habari za Garissa. Mto ukipanda Garissa, siku chache baadaye zamu ni ya delta.

La pili ni bahari. Sehemu ya chini ya Ozi hupwa na kujaa. Panga hivi:

- Panda mto maji yanapojaa, shuka yanapokupwa. Ukigeuza mpango huu utalipa mafuta maradufu, au utamtesa mpiga pondo bure.
- Siku za bamvua maji yana nguvu na kina, nazo zinafaa kwa boti ya injini. Maji mafu yanafaa mtumbwi na mtu anayetaka kutazama kingo bila haraka.
- Uliza saa za kujaa na kupwa Kipini kwa wavuvi wenyewe. Jedwali la Mombasa litakupa saa za bandarini Mombasa, na juu ya mto maji huchelewa.

## Kufika, na suala la usalama

Kutoka Malindi unapanda barabara ya Garsen, unaachana nayo Minjila, unashika ya Lamu kupitia Gamba kuelekea Witu, kisha unatoka kwenda Kipini. Njia ni hiyo tu. Shida iko katika historia ya karibuni. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, Julai kituo cha polisi cha Gamba, na Januari 2020 mabasi yalivamiwa kwenye barabara hii hii. Hali hubadilika mwezi kwa mwezi, kwa hiyo usitegemee makala, hata hii.

- Piga simu kwa mwenyeji au kampuni ya basi siku moja kabla. Uliza kama kuna msafara wa askari na unaondoka saa ngapi.
- Safiri mchana tu. Ukichelewa Minjila, lala Garsen.
- Usivae nguo za madoadoa ya kijeshi wala buti za namna hiyo. Nimeona kijana akishushwa garini kwa ajili ya kofia.
- Droni iache nyumbani. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ukiwa nacho, sauti yake juu ya vijiji hivi haina tafsiri njema.

Ukiambiwa usiende, usiende. Mfereji umekuwepo zaidi ya karne na hauna haraka.

## Ruhusa, na kwa nini daftari lako linatisha

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo safari nyingi huvunjika.

Wewe unajiona mtalii mwenye udadisi. Mtu wa vijiji vya Ozi au Chara anamwona mgeni mwenye ramani, kamera na mita, anayeuliza mpaka wa maji uko wapi. Mwaka 2008 mpango wa kulima miwa kwenye delta ulipewa leseni, na wenyeji wakaenda mahakamani. Mwaka 2012 Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji, walipigana kwa sababu ya ardhi na maji, na zaidi ya watu mia moja waliuawa. Swali la "mto ulipita wapi zamani?" kwa mkulima na mfugaji ni swali la shamba la nani na malisho ya nani. Usilitamke kwanza.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Fika kwa chifu au naibu wake wa eneo unalotaka kutembea. Jitambulishe, onyesha kitambulisho, sema unalala wapi na kwa siku ngapi.
2. Omba upelekwe kwa wazee. Usiende mwenyewe ukibisha hodi nyumba hadi nyumba.
3. Sema neno "historia" kabla ya neno "ardhi". Onyesha ramani ya zamani, uiache ipite mikononi mwao. Mzee akiona jina la kijiji cha babu yake limeandikwa na Mjerumani, mazungumzo huanza yenyewe.
4. Ukifika kijiji cha Wapokomo, usimwulize mtu habari za Waorma kwa jicho la kutaka lawama, na kwa Waorma vivyo hivyo.
5. Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti. Ukikataliwa, andika usiku.

Shikamoo haichoshi. Kaa, kunywa chai, uliza hali ya mvua na mifugo. Aliyekwenda kwa haraka aliambiwa "mfereji hatuujui" na watu waliozaliwa juu ya kingo zake.

Na maswali yenyewe? "Mfereji wa Belezoni uko wapi?" ni swali baya, maana jibu sahihi ni "unauangalia". Jaribu haya:

- Maji ya mto wa zamani yaliishia wapi, na mwaka gani samaki walikwisha humo?
- Mji wa Kau ulipokuwa na soko, vyombo vilifunga wapi?
- Ushuru ulitozwa wapi? Mahali pana jina?
- Kuna mahali mto umenyooka kuliko kwingine? Wazee wenu walipaitaje?

Swali la mwisho ndilo lililonipa mengi. Ramani zikikosea, majina bado yapo midomoni mwa watu.

## Kukodi chombo

Mtumbwi wa kuchonga ni rahisi na hauna kelele, ila unayumba. Boti ya injini ni ya haraka, lakini mawimbi yake hula kingo na hutisha viboko. Mimi huchukua injini kwa kupanda na kumwomba nahodha aizime kwenye sehemu za kutazama, tukashuka kwa pondo.

Patana bei siku moja kabla, mbele ya mtu wa tatu: ya chombo, ya mafuta, ya msaidizi, na ya kusubiri. Lipa nusu. Dai jaketi za kuokolea kabla ya kutia mguu. Ukiambiwa "hapa maji si mengi", kumbuka kwamba anayekwambia amejifunza kuogelea kabla ya kutembea.

Chukua nahodha mtu mzima. Vijana huenda kasi na wanajua injini. Mzee anajua mahali mto ulipokuwa alipokuwa mtoto, na hilo ndilo unalolipia.

Chukua maji yako ya kunywa, chandarua, kofia, na mifuko miwili ya nailoni ya kufungia simu na daftari, mmoja ndani ya mwingine.

## Kwenye maji: dalili za kusoma

Anzia Kipini asubuhi na maji yanayojaa, pita mikoko, pita kijiji cha Ozi, elekea Kau. Kau ilikuwa mji wa biashara wa Ozi, na shehena za Tana zilitua hapo. Shuka, tembea kidogo, kisha panda zaidi kuelekea upande wa Chara. Sehemu hiyo ndiyo unayoitafuta. Fungua macho kwa haya:

Mnyooko. Mto wa tope kwenye nchi tambarare hujipinda kama kamba iliyotupwa. Mtu mwenye jembe huchimba njia fupi. Mnyooko unaoanza ghafla na kuisha ghafla ni alama ya mkono wa mtu. Hata hivyo usitegemee mstari wa rula, kwa sababu mto umekuwa ukiula mfereji huu kwa zaidi ya miaka mia na umeshaanza kuupinda.

Kina. Mwombe nahodha achome pondo kila baada ya dakika tano, nawe uandike imezama mpaka wapi. Ukifika kwenye midomo ya mikono ya zamani ya mto utaona pondo inagonga tope mapema. Mkono ulioachwa na maji hujaa udongo.

Mimea. Kingo za mto mzee zina miti mikubwa ya siku nyingi: mikuyu, miembe iliyopandwa na watu. Ukingo mchanga una matete na vichaka. Mstari wa miti mikubwa unaokwenda mbali na maji, peke yake nyikani, unakuonyesha maji yalikokuwa. Kwangu mimi hii ndiyo dalili nzuri kuliko zote, na haihitaji chombo chochote ila macho.

Ladha na rangi. Tana ni mwekundu wa udongo. Bahari ikipanda hukutana nao, na wakulima wa Ozi watakueleza kwa uchungu jinsi chumvi inavyopanda kiangazi na kuua mpunga. Usionje mwenyewe. Waulize.

Mto uliokufa. Hapa sasa unashuka chomboni na kutembea na mwenyeji, ukifuata vile vidimbwi ulivyoviona kwenye setilaiti, kuelekea mlango wa zamani. Utaona bonde pana lenye nyasi, kingo mbili zikitazamana bila maji katikati, ng'ombe wakilisha kwenye kitanda cha mto uliokuwa ukibeba mitumbwi ya mpunga. Simama hapo. Nimepeleka wageni watatu mahali hapo kwa nyakati tofauti, na wote walinyamaza kabla ya kuuliza swali. Kama una siku moja tu ya kutembea, itumie hapa.

## Makosa ninayoyaona kila mwaka

*Kufuata mtaro usio wenyewe.* Niliwahi kufuata mtaro ulionyooka nusu siku nzima, nikapima upana, nikachora, nikajipongeza. Kijana mchunga ng'ombe alinitazama, akauliza natafuta nini, kisha akacheka: "Huo ulichimbwa na katapila." Delta ina mifereji ya umwagiliaji ya mashamba ya mpunga ya TARDA (mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi), ambayo mafuriko ya El Niño ya 1997 yaliyaharibu. Mifereji iliyoharibika huzeeka haraka na kudanganya. Angalia kama ina saruji, kalvati au milango ya chuma. Uliza pia umri wake kwa mchunga yeyote, kabla ya kupima.

*Kuokota.* Ukitembea Kau, au ukienda kuona magofu ya Ungwana karibu na Kipini, yale aliyoyachimbua mwanaakiolojia James Kirkman miaka ya 1950, utaona vigae vya vyungu na pengine shanga. Viache. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, na kigae ukishakiondoa mahali pake hakimwambii mtaalamu kitu. Piga picha, weka kalamu kando yake kuonyesha ukubwa, andika mahali, ondoka. Ukiona kitu kikubwa, toa habari Makumbusho ya Lamu.

*Kuosha miguu.* Mamba hatoi taarifa. Usisimame ukingoni mwa maji yenye kiza, usiteke maji kwa mkono, usimruhusu mtoto kucheza hapo kwa sababu watoto wa kijiji wanacheza. Wao wanajua mahali. Viboko nao hurudi majini alfajiri, na mtu anayekatiza kati ya kiboko na maji hana mjadala. Kwenye vidimbwi vilivyotuama kuna kichocho, kwa hiyo usivuke peku.

*Kurudi usiku.* Saa tisa alasiri geuza chombo, hata kama umebakiza kona moja. Kila aliyepotea kwenye delta alikuwa amebakiza kona moja.

## "Lakini..."

*"Kama mfereji umekuwa mto, kuna nini cha kuona?"* Kuna mto uliohamishwa na jembe. Sijui wangapi wanaweza kukuonyesha hicho nchini mwao. Ukitaka kuta za mawe, nenda magofu ya Gedi, ni karibu zaidi na kuna choo.

*"Nina siku moja."* Basi fanya Kipini hadi Kau na kurudi, na umsahau mto uliokufa. Usijaribu vyote.

*"Siwezi kutembea kwenye tope."* Kaa chomboni. Dalili nne kati ya tano nilizotaja zinaonekana ukiwa umekaa.

*"Ni kama falaj za Oman?"* Msomaji wa Muscat aliniuliza. Hapana. Falaj hupeleka maji kwa mitende na watu. Belezoni ulipeleka watu na mizigo kwa maji.

## Kwa aliyeniandikia kutoka Kibabi

Ndugu yangu, mtaro wako haukuwa wa boti. Milima ya Masisi haina tambarare ya kuelea chombo. Lakini una mambo mawili ya kuchagua, na kuyatofautisha ni kazi nzuri.

La kwanza ni mtaro wa kuzuia mmomonyoko. Wakati wa ukoloni wa Wabeleji watu wa milima ya Kivu walilazimishwa kuchimba mitaro ya namna hiyo kwenye miteremko. La pili ni mtaro wa maji ya mgodi. Kasiterite (madini ya bati) ya kwenu ilichimbwa mabondeni na kuoshwa kwa maji yaendayo kasi, na maji hayo yaliletwa kutoka kijito cha juu kwa mtaro uliozunguka mlima. Kampuni za Kibeleji zilikuja, mwaka 1976 zikaunganishwa kuwa kampuni moja, SOMINKI, na 1997 ikaundwa nyingine, SAKIMA. Mitaro ilibaki milimani.

Itofautishe hivi:

- Mtaro wa mmomonyoko ni mfupi, na una wenzake juu na chini kama ngazi. Hautoki popote wala hauendi popote.
- Mtaro wa mgodi uko peke yake, ni mrefu, huanzia kwenye kijito, na hushuka kidogo sana huku ukizunguka kila kona ya mlima. Mwisho wake utakuta rundo la changarawe zilizooshwa, au bonde lililochimbuliwa.

Sasa maonyo, na haya si ya adabu tu. Usiufuate mtaro huo mpaka mwisho kwa sasa. Mwisho wake ni mgodi, na mgodi kwenu una wenyewe, wenye silaha na wasio nazo. Mwisho wa Aprili 2024 Rubaya, mji wenu wa migodi, uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na mtu anayepiga picha za mitaro karibu na migodi ya koltani ataulizwa ametumwa na nani. Mvua nayo hushusha mlima bila kupiga hodi, hasa pale ulipochimbwa. Mashimo ya zamani hufunikwa na nyasi, na mtoto anayekuongoza ndiye hutangulia kuanguka.

Kazi unayoweza kuifanya ukiwa umekaa ni hii:

1. Tafuta wazee watatu, mmoja mmoja na si pamoja, maana wakikaa pamoja wa kwanza kusema huwafunika wengine. Ikiwezekana mmoja awe mtu aliyefanya kazi ya mgodi zamani.
2. Waulize nani alichimba, kwa mshahara au kwa kulazimishwa, na maji yalifunguliwa na nani asubuhi.
3. Wachoree mlima kwenye karatasi, uwaache wao wachore mtaro. Usiwasahihishe.
4. Jumba la Makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina ramani na nyaraka za jiolojia na madini za Kongo. Kama una ndugu Brussels, mpe jina la kijito, jina la mlima, na tahajia zote unazozijua. Majina ya zamani hayafanani na ya leo.
5. Kabla ya hayo yote, mwambie chifu wa kijiji unachofanya, na ikibidi habari ifike kwa mwami, mtawala wa jadi. Mtu mwenye daftari anayejulikana anaachwa aandike.

Mzee akikwambia maji yalianzia kijito gani, andika jina hilo kama alivyolitamka, kisha niandikie. Nalisubiri hilo kuliko picha.